Sumaku ya Fundi na Majina Manane

Mlangoni mwa kibanda cha Fundi pale sokoni Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, upande wa kushoto unapoingia, palikuwa na ubao mweusi wa shule uliomeguka kona moja. Mafundi wengine huandika sifa zao mahali kama hapo. Yeye aliandika makosa yake.

Nayakumbuka mengi kwa maneno yake hasa. "Redio ya muuza mihogo. Nilisema imekufa, kumbe waya umelegea." "Spika mbili za msikiti. Moja niliigeuza nyaya, zikawa zinauana sauti." "Feni ya mkunga. Nilisahau skrubu ndani." Chini ya kila kosa aliandika jina la mwenye kitu. Yeye mwenyewe hakufuta hata neno. Kosa lilikaa pale mpaka mwenye kitu aje, alisome au asomewe, kisha achukue kitambaa kilichoning'inia msumarini, akiloweshe, alifute kwa mkono wake. Nilimwona mama mmoja akipita mbele ya ubao ule karibu mwaka mzima bila kufuta, kwa sababu hasira zake zilikuwa hazijaisha, na Fundi alimsalimia kila asubuhi bila kumkumbusha.

Siku moja nilimuuliza kwa nini anajiaibisha mbele ya soko zima. Akajibu bila kuinua kichwa, "Kosa nikiliweka moyoni nitalisahau. Nikiliweka ubaoni mtanikumbusha ninyi."

Wazee walimwita Fundi, vijana walimwita Mestre kwa Kireno, naye aliitikia yote mawili kwa mguno uleule. Jina lake nalijua. Alikozaliwa na watu wake sikuwahi kuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kuanza habari hizo. Alitengeneza redio na vitu vingine vya umeme, lakini kazi aliyoiheshimu ilikuwa spika. Spika za msikiti, za kanisa, za ngoma za harusi, za chapa, yaani daladala, zinazokwenda Palma, zote zilipita mezani kwake. Aliondoa karatasi ya spika iliyochanika, akakata mpya, akasuka upya waya mwembamba unaozunguka katikati, mzunguko mmoja baada ya mwingine, huku midomo yake ikihesabu kimyakimya.

Mimi nilikuwa mtunza ghala bandarini. Darasa la saba sikulivuka. Mengine nimejisomea katika vitabu vya shule vya Kireno ambavyo wanafunzi huviacha wakimaliza. Baada ya kazi nilikwenda kukaa kwenye benchi la Fundi, kwanza kwa sababu ya kivuli, halafu kwa sababu niligundua kwamba mambo niliyoyasoma kwenye fizikia yeye alikuwa akiyafanya kwa vidole. Nilikaa pale miaka tisa. Katika miaka hiyo tisa sikumsikia akisema "labda" bila kufuatisha "tupime".

Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa zamani, na la kushoto lilikuwa linafuata. Mtu angedhani huo ndio mwisho wa fundi wa spika. Yeye alichukua bisibisi ndefu, akauma mpini wake kwa meno ya pembeni, akaigusisha ncha kwenye mwili wa spika, akafumba macho. Sauti ilipanda kwenye chuma, ikaingia kwenye meno, ikafika ndani ya kichwa bila kupita sikioni. Mara ya kwanza nilidhani ni mbwembwe. Nikaenda nyumbani nikajaribu kwa kijiko na redio yangu, nikasikia taarifa ya habari ikisomwa ndani ya fuvu langu. Nilikaa kitako sakafuni. Mke wangu akauliza kama naumwa jino.

Hakuwa mtu mwepesi kukaa naye. Ukimletea kitu ukasema "kimeharibika tu", alikurudishia. Alitaka umwambie kilikuwa kinafanya nini kabla ya kunyamaza, na siku ile kulinyesha au hapana. Chai alikunywa bila sukari, na aliyemtilia sukari kwa wema alimwagiwa chai hiyo mbele ya macho yake. Msikiti na kanisa aliwahudumia kwa uangalifu uleule, na wote wawili aliwagombeza kwa jambo lilelile: kufungua sauti hadi mwisho. Aliwaambia kwamba Mungu hana tatizo la masikio. Mwenye tatizo hilo ni yeye.

Tena, mtu huyuhuyu wa kupima kila kitu alivaa hirizi. Ilikuwa ya ngozi, imeshonwa kwa uzi mwekundu uliofifia, na aliifunga kwenye mkono wa juu, chini ya shati. Nilipoiona mara ya kwanza nilinyamaza siku tatu, halafu nikashindwa. Nilimuuliza inakuwaje.

"Alinifungia mama," akasema. "Hii sina chombo cha kuipimia. Kwa hiyo sisemi inafanya kazi, na sisemi haifanyi. Ninayoweza kupima, hiyo ndiyo nagombana nayo."

Nayataja haya mapema kwa sababu baadaye watu walisema Fundi alikuwa mpinga dawa, mpinga mila, mtu wa vitabu. Hakuwa. Vitabu nilivisoma mimi.

Chini ya meza yake palikuwa na sumaku. Spika ikifa kabisa, karatasi na waya hutupwa, lakini sumaku yake haifi. Alikuwa nazo nyingi, nyeusi, za mviringo zenye tundu katikati, amezipanga kwa ukubwa kama sahani. Kubwa kuliko zote ilitoka kwenye spika ya ukumbi wa dansi wa enzi zilizopita. Aliiita Mama. Upana wake ulizidi kiganja cha mkono wangu, na ukiisogeza karibu na meza bisibisi ziligeuka zenyewe kuiangalia. Kwa Mama alizipa bisibisi zake nguvu ya kushika skrubu ndogo. Kwa Mama alitafuta sindano iliyopotea mchangani, na nusu ya mafundi cherehani wa soko walikuwa wakija kumwazima. Hakumtoa nje ya kibanda. Ulitaka sindano yako, ulileta mchanga wako kwenye ndoo.

Kisha ikaja ile miaka ambayo watu wa msituni walianza kuchoma vijiji. Sitaieleza; aliyekuwa huku anaijua, na asiyekuwa huku amesikia. Katika mtaa wetu vijana wanane walijitolea kulinda njia ya mashambani ili kina mama waweze kwenda kuchimba mihogo na kurudi. Walikuwa na bunduki tatu za kupewa na mapanga. Mmoja wa wanane alikuwa mdogo wangu, tuliyenyonya ziwa moja, mpakiaji mizigo bandarini, mtu wa mabega na maneno. Mwingine alikuwa fundi cherehani wa pale sokoni, mwembamba, mcheshi, ndiye aliyekuwa msemaji wao.

Wakati huo ilikuwa inapita video kutoka simu hadi simu. Mtu fulani, nchi isiyojulikana, amesimama na duara jeusi kifuani, anapigwa risasi, na risasi zinakwama kwenye duara. Sauti ilisema kwa lugha ambayo hakuna aliyeielewa kwamba ni sumaku, au ndivyo tulivyoambiwa inavyosema. Mshonaji huyo alimjia Fundi na ile simu, wenzake nyuma yake, akamwomba sumaku kwa heshima zote. Angeshona koleti, yaani kizibao chenye mifuko, sumaku moja kifuani, moja mgongoni. Mlinzi akivaa hiyo asingekuwa na haja ya kujificha. Angesimama katikati ya njia.

Fundi aliitazama video mara mbili. Akasema sumaku haivuti risasi. Aliwaeleza kwamba risasi imetengenezwa kwa chumbo, metali nzito ileile wanayozamishia nyavu, ikavishwa shaba, na hakuna mvuvi aliyewahi kuona sumaku ikishika chumbo ya wavu wake. Hilo lilitoka katika kitabu nilichomsomea mimi.

"Tupime," akasema, kama kawaida yake.

Ilikuwa Ijumaa baada ya swala, soko limejaa. Mdogo wangu alitoa mfukoni risasi iliyochimbuliwa kwenye ukuta wa shule ya kijiji kilichochomwa, imepinda kidogo puani. Fundi akaiweka mezani, akamtoa Mama kwa mikono miwili, akamsogeza polepole. Alipofika umbali wa vidole viwili, risasi ile iliruka ikajibandika. Mlio wake ulikuwa mdogo, kama kucha kwenye bilauri. Watu waliokuwa wakitazama walikuwa kama arobaini.

Baadaye nilijua sababu. Risasi za bunduki zilizojaa huku kwetu nyingi zina chuma ndani, na chumbo kidogo tu pembeni. Kitabu changu kilizungumzia risasi za nchi nyingine. Siku ile sikujua, na Fundi hakujua. Alimbandua Mama, akarudia. Ikaruka tena. Akachukua sumaku ndogo, ikaruka pia, ila kwa kuchelewa.

Mshonaji alicheka mpaka akashika mwimo wa mlango. "Mestre," akasema, "sisi ni wanafunzi wako. Endelea kutufundisha."

Fundi alisimama, akaenda mlangoni, akachukua chaki, na mbele ya soko zima akaandika: "Nilisema sumaku haivuti risasi. Inavuta." Chini yake akaandika majina manane. Vijana wakachukua kitambaa kwa furaha, wakafuta wote kwa pamoja, kila mmoja kwa kiganja chake, kama watu wanaopokea zawadi.

Katika maisha yangu nimeona watu wachache wakikubali kosa. Huyu alilikubali kabla jasho halijakauka usoni. Na ukweli ule alioutangaza kwa uungwana ndio uliotaka kutuua. Maana habari iliyotoka sokoni siku ile haikuwa habari ya vijana na simu. Ilikuwa habari ya Fundi, mtu asiyesema uongo, na ubao wake. Kufikia Jumapili spika ya kanisa ilikuwa imeibwa. Chapa mbili zilikwenda Palma bila muziki. Koleti nane zilishonwa kwa kitambaa cha gunia, na sumaku zilipatikana, nyingine kubwa, nyingine za kuchezea watoto. Walikuwa watoke wamezivaa Jumamosi inayofuata, siku kina mama walipopanga kwenda shamba la mbali.

Nilikaa na karatasi. Nilijua kasi ya risasi ya bunduki ile, kama mita mia saba kwa sekunde. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu kwamba Mama anaanza kuvuta kwa vidole viwili. Umbali huo risasi inaukata katika sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa zaidi ya mara elfu kumi na saba. Katika muda huo, hata ukiipa sumaku nguvu mara kumi ya uzito wa risasi, haitaisogeza hata unene wa unywele. Nilihesabu mara tatu. Nikampelekea mdogo wangu.

Aliisoma yote, maana si mjinga. Akanirudishia. "Kaka, hesabu yako nzuri," akasema. "Lakini mimi niliiona ikiruka. Unywele wako nani ameuona?"

Nikaipeleka kwa Fundi. Aliisoma kwa muda mrefu, kidole kikifuata kila tarakimu. Akasema, "Wewe umewahesabia. Mimi niliwaonyesha. Nilichowaonyesha kina nguvu kuliko hesabu yako, kwa hiyo lazima waonyeshwe tena."

Alimfuata askari mmoja wa kikosi cha mjini, mwenye cheo cha kabu, yaani koplo, ambaye alikuwa amemtengenezea redio. Alimwomba aje apige risasi moja mbele ya vijana. Kabu naye alikuwa na hamu ya kujua kuliko sisi sote. Wakakubaliana Ijumaa asubuhi, nyuma ya mashimo ya chumvi, mahali pasipo nyumba. Tatizo lilikuwa mlio. Siku zile bunduki ikilia mji mzima ulikimbilia majini. Fundi akaenda msikitini, akaomba ile spika ambayo aliitengeneza mwenyewe, na sauti yake ya mtu asiyesikia vizuri, kubwa kuliko inavyohitajika, ikatoka juu ya mabati yote: "Mlio mmoja utasikika upande wa chumvi. Mmoja tu. Ukisikika wa pili, huo si wetu."

Vijana walikuja wamevaa koleti zao. Papai kubwa liliwekwa juu ya gunia la mchanga. Fundi aliwauliza ni sumaku gani waiweke mbele ya papai. Mshonaji akasema ikiwekwa ndogo ikashindwa, watu watasema ilikuwa dhaifu.

"Ndiyo maana nimemleta Mama," Fundi akasema.

Sikuwa nimewahi kumwona Mama nje ya kibanda. Alikuwa amefungwa kwenye kapulana, kile kitenge cha kina mama, kama mtoto. Nilimwambia Fundi kwa sauti ya chini kwamba ipo nyingine kubwa ya kutosha, kwamba huyu hatapatikana tena. Alinitazama kama mtu niliyemtilia sukari kwenye chai. Akamkabidhi mdogo wangu amfunge mwenyewe, ili asije mtu akasema Fundi alicheza. Mdogo wangu akamfunga mbele ya papai kwa uzi wa nyavu, mafundo manne. Kabu akarudi nyuma hatua thelathini, akapiga magoti, akalenga katikati.

Mlio ulikuwa mmoja.

Papai lilikuwa limepasuka hadi mbegu zake zimeruka kwenye chumvi. Mama hakuwepo. Sumaku zile nyeusi si chuma kama tunavyodhani. Nilisoma baadaye kwamba ni unga wa kutu uliokandamizwa na kuchomwa tanuruni, na hupasuka kama chungu. Fundi alipiga magoti akaanza kuokota vipande, mchangani, kwenye mti wa nyuma, ndani ya papai. Vipande vyenye ncha kali vilikuwa vimeingia kwenye nyama ya tunda mahali ambapo risasi haikufika. Alivipanga kwenye kapulana kimoja kimoja, akijaribu kurudisha umbo la duara, na sisi tukamsubiri. Halikutimia.

"Mmeona," akasema.

Na hapo ndipo jambo lilipotaka kuharibika kabisa. Mshonaji alikuwa ameinama juu ya papai, akaingiza kidole kwenye tundu, akasimama na uso unaong'aa. "Lakini Mestre, si imevuta? Mchanga wote huu, hewa yote hii, risasi ingeweza kupita popote. Imekwenda moja kwa moja kwenye sumaku. Ile kubwa imevuta sana tu, ndiyo maana imevunjika. Tukiweka ndogo ndogo nyingi—" Wenzake wakaanza kuitikia. Mdogo wangu pia. "Imevuta," wakasema. "Imevuta kweli."

Kabu alifungua mdomo aseme kwamba yeye ndiye aliyelenga pale. Fundi alimwinulia kiganja. Nilimwona akinitazama mimi, halafu akivitazama vile vipande, halafu akiwatazama wale vijana kwa zamu, mmoja mmoja, kama anavyohesabu mizunguko ya waya.

"Kweli," akasema. "Imevuta. Niliandika ubaoni inavuta, na leo mmeona. Mama ameiita risasi kutoka kule, ikaja mpaka hapa." Akamgeukia mshonaji. "Hapa ni wapi, mwanangu?"

Mshonaji hakuelewa.

"Ulipopanga kuifunga sumaku. Ni wapi?"

"Kifuani."

"Risasi iliyokuwa inapita zake pembeni, wewe umeiita ije kifuani kwako. Na ya mwenzako umeiita pia. Mwenye hamu ya kuita, avae."

Mshonaji aliinamisha macho akalitazama duara lililokuwa kifuani kwake. Kisha mdogo wangu akaivua koleti yake kupitia kichwani, haraka, kama mtu aliyeingiwa na siafu, akaitupa mbali kwenye shimo la chumvi. Wengine wakafuata. Mshonaji alivua wa mwisho. Alisema, "Basi tufanye nini, Mestre, tusimame hivihivi?" na Fundi akamjibu, "Nani amekwambia usimame?"

Tulirudi mjini sisi wawili nyuma yao, yeye amebeba kapulana yake.

"Umesikia nilivyosema," akaniambia.

"Nimesikia."

"Ni kweli?"

"Si kweli, Fundi. Haivuti vya kutosha kuita chochote."

"Najua si kweli." Akatembea kidogo. "Wanatoka kesho?"

"Kesho asubuhi."

"Basi," akasema.

Siku ile nilipita kibandani mara mbili kuutazama ubao. Haukuwa na kitu. Wiki iliyofuata haukuwa na kitu, wala iliyofuata hiyo. Kwa miaka tisa nilikuwa nimeuona ubao ule ukibeba skrubu na nyaya, na sasa kosa kubwa kuliko yote halikuandikwa, na mimi peke yangu ndiye niliyejua. Sikusema. Nilielewa kwamba akiandika "haiiti", vijana wataokota koleti zao.

Waliposhambuliwa kwa mara ya kwanza, katikati ya mihogo, kina mama walirudi wote. Vijana wanane walirudi baadaye, wakapita sokoni kwa mguu, na nguo zao zote zilikuwa na udongo upande wa mbele, kuanzia kifuani hadi magotini. Watu waliwapigia vigelegele. Fundi alitoka akasimama mlangoni. Hakutazama nyuso zao. Alitazama udongo ule mpaka walipopita.

Halafu mji ukachukuliwa na wale watu wa msituni, na sote tukatawanyika. Mimi nilikwenda kusini na familia yangu. Wale vijana niliwasikia kwa vipande tu, huyu yuko hapa, yule hayuko tena. Mdogo wangu aliishia Mtwara, akafanya kazi ya kubeba mizigo kama zamani. Niliporudi, ghala langu lilikuwa kuta bila paa. Siku chache baadaye mdogo wangu naye akarudi, mvi kwenye ndevu, na asubuhi moja tukaenda pamoja sokoni.

Kibanda kilikuwa kimejengwa upya kwa mabati yaliyoungua. Mlangoni, upande wa kushoto, palikuwa na mlango wa friji uliopakwa rangi nyeusi. Uliandikwa kosa moja tu:

"Niliwaambia sumaku inaita risasi. Si kweli. Haiiti, na haizuii."

Chini yake majina. Yalikuwa manane kwa nafasi zake, lakini matatu yalikuwa yamefutwa, pamebaki doa la maji. Matano yalisomeka, na la mdogo wangu lilikuwa la nne. Nilichelewa kuelewa ninachokiona. Tangu arudi mjini, Fundi alikuwa amelitundika pale, na kila jina lililofutwa lilikuwa limefutwa na mkono wa mwenyewe.

Alikuwa ndani, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Masikio yote mawili yalikuwa yamekwisha. Alinitambua akanishika mkono, halafu akamwona aliye nyuma yangu. Aliinua bisibisi yake ndefu kutoka mezani, akauma mpini, akasogea mpaka ncha yake ikagusa mfupa wa kifua cha mdogo wangu, pale juu, penye tundu la shingo.

"Sema," akatamka kwa meno yaliyobana mpini.

Mdogo wangu alinitazama. Nikamwambia aseme chochote.

"Ulitudanganya, Mestre," akasema.

Fundi alifumba macho. Alitikisa kichwa kukubali, na bisibisi ikatikisika nacho.

"Siku ile kwenye mihogo nililala kwenye matuta toka asubuhi mpaka adhuhuri. Risasi zilikuwa zinakata majani juu ya kisogo changu. Ningevaa ile koleti, ningesimama. Ningesimama mbele ya wote."

Fundi aliendelea kusikiliza hata baada ya maneno kwisha. Nadhani alikuwa anasikia pumzi, au kile kinachopiga chini ya mfupa ule. Ilichukua muda. Sijawahi kuona mtu akisikilizwa hivyo, na nilijikuta nimevua kofia yangu.

Alipoitoa bisibisi, mdogo wangu alikwenda mlangoni, akachukua kitambaa msumarini, akakilowesha kwenye ndoo, akafuta jina lake. Alikuwa amekilowesha mno. Maji yalichuruzika yakaingia kwenye jina la chini, la yule mshonaji, yakaanza kulipeleka. Mdogo wangu aliweka kiganja chake kuyazuia, akashindwa, akabaki ameshika pale.

"Huyu hatakuja tena kulifuta," akasema. Hakusema kwa sauti, na hata angesema, Fundi asingesikia.

Lakini Fundi alikuwa ameshafika na chaki. Aliusogeza mkono wa mdogo wangu taratibu, akapangusa maji kwa mkono wa shati lake, akaliandika jina lile upya, herufi moja baada ya nyingine, akikaza mkono ili lisije likafutika.